Sa ya Mwalimu Gadadhar

Kwa miezi kumi na minne Shefali alikuwa posta. Hakuajiriwa na mtu, hakupewa sare wala baiskeli, lakini barua alizobeba zilizidi za posta yote ya Bishnupur, na hakuna hata moja iliyosafiri zaidi ya urefu wa mkono: kutoka upande huu wa sinia la bisi za mchele hadi upande wa pili.

"Mama Tuklu," alisema mumewe, Haradhan Layek, akiwa amekunja miguu mkekani, "mwambie mwanao anipitishie pilipili."

Pilipili ilikuwa mbele ya goti la Tuklu. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili na masikio mazima.

"Tuklu, baba yako anataka pilipili."

"Mwambie pilipili haina nasaba. Anyooshe mkono tu, haitamchafua."

"Anasema..."

"Nimemsikia. Mwambie sikumsikia."

Shefali aliiokota mwenyewe, akaitupa katikati ya bisi, wagombanie kama kuku. Hakuna aliyeigusa. Haradhan alikula asubuhi ile bila pilipili, na kwa mtu wa wilaya ya Bankura hiyo ni sawa na kufunga.

Chanzo cha vita kilikuwa chingamu. Haradhan alikuwa mpigaji wa esraji, ala yenye shingo ndefu na tumbo la ngozi ya mbuzi, yenye nyuzi nyingi kiasi kwamba ukizihesabu unachelewa chakula, na hupigwa kwa upinde huku imeegemezwa begani kama mtoto mwenye homa. Siku moja, yeye akiwa ziwani anaoga, Tuklu aliichukua, akaibandika kimaiki tumboni kwa chingamu, akaipiga, akachanganya na gitaa la umeme na midundo ya kompyuta, akaisambaza kwenye simu za watu. Haradhan aliusikia wimbo huo kwa kinyozi, kwenye simu ya kinyozi mwenyewe, akiwa amenyolewa shavu moja. Aliinuka hapo hapo. Watu wa mtaa wa Madhabganj watakuapia kwamba alitembea na ndevu za upande mmoja siku tisa nzima, ili kila amwonaye aulize, na kila aulizaye ajibiwe: "Sina mwana."

Wimbo wenyewe ulisikilizwa na watu elfu arobaini. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana katika umri wake wote Haradhan hakuwahi kusikilizwa na watu mia nne, hata ukiwajumlisha waliopita kutafuta mbuzi wao.

Lakini kosa kubwa, alivyolieleza yeye, halikuwa chingamu. Lilikuwa Sa.

Kila mpigaji ana Sa yake, yaani sauti ya kwanza, ile ambayo nyingine zote husimama juu yake kama nyumba juu ya msingi. Haradhan alipewa yake na mwalimu wake, marehemu Gadadhar Adhikari, siku alipofungwa uzi mwekundu mkononi na kuitwa mwanafunzi. Gadadhar huyo alikuwa pia baba yake Shefali. Sa yake iliishi ndani ya kinanda kikuukuu cha mivukuto, juu ya rafu, chini ya kitambaa chekundu. Funguo zote nyingine zilikuwa zimekufa. Uliobaki hai ni mmoja tu. Kila asubuhi, akitoka kuoga, Haradhan aliubonyeza na kukaza nyuzi zake kuufuata. Kila Alhamisi Shefali alikifukizia kinanda ubani.

"Sa hii imetoka kwenye baraza la wafalme," Haradhan aliwaambia wanafunzi wake saba, ambao wanne kati yao walikuja kwa sababu mama zao waliwafukuza nyumbani. "Miaka mia tatu, haijasogea hata unywele."

Na Tuklu, kabla ya kuipiga esraji siku ile ya chingamu, alikuwa ameisogeza. Aliipandisha kidogo ifuate kompyuta.

*

Poltu Dutta alikuja Jumanne, kabla ya saa nne, na mabango chini ya kwapa. Alikuwa muuza sari na katibu wa kamati ya tamasha la majira ya baridi, mtu mwenye tumbo la kutangulia na maneno ya kulifuata.

Haradhan alimjua vizuri. Kwa miaka kumi na tisa kamati hiyo ilimpanga yeye saa nane na nusu mchana, wakati uwanja una wafagiaji na mbwa wawili. Fundi wa spika humwashiria kwa mkono: "Endelea, Mzee, endelea, tunapima maiki." Miaka kumi na tisa Haradhan alipima maiki ambazo wengine waliziimbia jioni.

"Shemeji, hebu tazama," alisema Poltu, akilikunjua bango sakafuni. "Jumamosi. Saa moja jioni. Saa ya wakubwa!"

Juu paliandikwa kwa herufi za moto: BABA NA MWANA. ESRAJI YA MIAKA MIA TATU YAKUTANA NA NASABA YA UMEME. Nasaba ya Umeme ndilo jina la bendi ya Tuklu. Chini palikuwa na kandambili kubwa nyekundu, maana watengeneza kandambili ndio waliolipia. Katikati walisimama Tuklu mwenye miwani ya jua na Haradhan mwenye nywele nyeusi.

Shefali aliinama. Picha ya mumewe ilikuwa ya harusi yao. Walikuwa wamemkata yeye wakamtupa, lakini mkono wake walishindwa kuuondoa. Ulibaki pale begani kwa Haradhan, na bangili zake nyeupe za kome, mkono usio na mwenyewe.

"Picha hii mmeitoa wapi?"

"Tuklu alitupa."

"Na huyu baba yake mmemuuliza?"

"Shemeji," Poltu alicheka, "ningeuliza, angekataa. Kilichochapwa hakikataliki. Nimechapa elfu mbili."

Tuklu alikuwa amesimama mlangoni, anajifanya anakagua waya. Alimvuta mama yake hadi jikoni.

"Mama, nisikilize. Bila Mzee hakuna bendi. Kamati inataka baba na mwana, vikundi vya umeme wanavyo kumi. Jumamosi ikienda vizuri, kuna maonyesho matatu mengine, Bankura, Arambagh na Medinipur. Nakaa hapa, napiga muziki, nakula viazi vyako."

"Na isipokwenda vizuri?"

Alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa tiketi ya treni ya Bengaluru, ya Jumatatu. Binamu yake alimpatia kazi huko, ya kupokea simu za watu ambao mitambo yao ya maji moto imeharibika.

"Nikienda, Mama, siji tena. Hata sikukuu ya Durga usinipikie. Nije kufanya nini? Kukaa mbele ya mtu anayeniambia sijazaliwa?"

Shefali aliitazama tiketi. Aliwahi kuona nyumba za jirani ambazo mwana alikwenda Bengaluru. Kilichobaki kilikuwa simu ukutani na wazazi wawili wanaoongea na runinga.

Aliporudi barazani alimkuta Haradhan amepiga magoti juu ya bango, anapima herufi za jina lake kwa shubiri.

"Ni kubwa kuliko za kandambili," alisema, kama anayelalamika.

"Kubwa zaidi," Poltu alidakia. "Na kuna shali ya heshima, Mwalimu. Utavishwa jukwaani mbele ya watu."

Haradhan alikohoa. Katika miaka kumi na tisa hakuvishwa hata leso.

"Mama Tuklu, mwambie mwanao nina masharti matatu. Kwanza, esraji yangu haiguswi na mtu. Pili, raga tutakayopiga iwe ya wakati wake, ya jioni ipigwe jioni. Tatu, Sa ni ya Mwalimu Gadadhar, wala haisogei."

"Tuklu..."

"Mwambie tutaona mazoezini."

*

Mazoezi yalifanyika uani, Alhamisi mchana. Bendi ilikuwa ya watu watatu: Tuklu na gitaa, mpiga ngoma za tabla mmoja mnene aliyekuwa akilala kila asipopiga, na Jhimli, msichana mwembamba mwenye kompyuta, aliyeongea kidogo na kula sana sukari guru ya mtende.

Haradhan alitoka na esraji yake ikiwa imevishwa shuka kama bibi harusi. Aliketi, akatikisa kichwa kwa mbali kumwomba radhi marehemu mwalimu wake, akavuta upinde. Sauti ilikuwa nzuri. Hata Tuklu alifumba macho. Kisha Jhimli akabonyeza kitufe.

Wasemao husema ng'ombe wa jirani alikatiza maziwa. Huenda wameongeza, lakini si sana. Sauti mbili zilikaa bega kwa bega kama wakwe waliokosana, zinakaribiana, hazipatani, zinatetemeka.

"Mjomba," alisema Jhimli kwa adabu, "Sa yako haipo kwenye kinanda cha kompyuta."

"Haipo vipi?"

"Kuna ufunguo huu, na kuna huu unaofuata. Wewe uko katikati, umeangukia kwenye ufa."

"Ufa ni wa mashine yako, mwanangu. Mimi niko palipo sawa."

"Si neno, naweza kuisogeza mashine. Ni kitufe kimoja tu, hivi..."

"Usiguse!" Tuklu alipiga kelele. Mpiga tabla akaamka. "Mama, mwambie! Nyumba hii nzima imeisogelea hiyo Sa tangu nilipozaliwa. Nilianza kuimba mwenyewe nikaambiwa nimepotea. Shuleni nikaimba ya nyumbani nikachekwa. Leo asogee yeye. Unywele mmoja! Akikaza vigingi vyake kidogo, atakufa?"

"Mwambie," alisema Haradhan, sauti ikitetemeka kuliko ile ya esraji, "Sa si kiti cha basi, kwamba nisogee yeye akae. Wafalme waliondoka, Waingereza wakaja wakaondoka, hii haikusogea. Itasogezwa na mtoto mwenye miwani ya jua kivulini?"

"Mwambie basi nitapanda jukwaani na Sa yangu!"

"Mwambie na mimi nitapanda na yangu! Watu wasikie ni nani amepotea!"

Shefali alisimama katikati na kikombe cha chai kila mkono. Barua zilipita juu ya kichwa chake zenyewe, wala hazikuhitaji tena posta. Jhimli alimtazama, akakata kipande kingine cha sukari guru.

"Mama mdogo," alinong'ona, "wakipanda hivi, watu watarusha kandambili. Na mwaka huu wanazigawa bure."

Jioni Poltu alipita kusema kamati imehamisha onyesho, sasa ni saa kumi na nusu alasiri. Haradhan aliacha raga ya jioni akaanza kujiandaa na ya alasiri. Ijumaa Poltu akarudi kusema hapana, ni saa moja kama mwanzo.

"Mnanichezea?" Haradhan aliuliza. "Hizi ni raga tofauti!"

"Mwalimu wangu, raga ni kama viazi. Ukivikaanga asubuhi au jioni, vitaliwa."

Haradhan akaingia ndani akalala chali akitazama dari. Tuklu alikuwa chumba cha pili, anakunja mashati ndani ya sanduku. Alikunja hata la baridi, na Bengaluru hakuna baridi ya kulivaa.

*

Kulikuwa na jambo ambalo Shefali alikuwa amelikalia miaka arobaini na moja, kama kuku anayeatamia jiwe.

Alipokuwa na miaka tisa, mto Dwarakeswar ulifurika, na mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa ukimrudisha baba yake kutoka kupiga harusini ulipinduka. Kinanda kililala majini usiku kucha. Kilipokauka, Sa yake ilikuwa imelewa. Gadadhar hakuwa na fedha za fundi wa Kolkata. Aliazima tupa ndogo kwa mchonga bangili za kome, akafungua kinanda mezani, Shefali akashika kifuniko. Baba yake aliukwangua ulimi wa shaba, akasikiliza, akakwangua tena. Hakufika alikotaka kufika. "Basi, inatosha," alisema, jasho likimtoka puani. Wiki hiyo hiyo alikuja mwanafunzi mgeni, akauliza kwa nini Sa ya Mwalimu haifanani na ya watu wengine. Gadadhar aliona haya, akasema: "Hii ya kwetu imetoka kwenye baraza la wafalme."

Mama yake Shefali, jikoni, aliziba mdomo kwa ukingo wa sari asicheke.

Hiyo ndiyo miaka mia tatu. Ilikuwa na umri mdogo kuliko Shefali.

Hakuwahi kumwambia mumewe. Ungemwambia vipi mtu aliyefungwa uzi mkononi na sauti hiyo, aliyekataa kazi ya redio kwa sababu walimtaka aibadili, kwamba anaabudu ajali ya ng'ombe? Na tupa haikurudishwa kwa mwenyewe. Shefali aliirithi. Alikuwa akiparulia magamba ya samaki.

Jumamosi asubuhi Haradhan alichukua taulo na mafuta ya haradali, akaenda ziwani. Tuklu alikuwa ametoka kukodi spika. Jhimli alifika na kompyuta yake kama alivyoagizwa.

"Bonyeza Sa yako," alisema Shefali, akikishusha kinanda kutoka kwenye rafu. "Uishikilie hapo hapo, usiiachie."

"Mama mdogo, unafanya nini?"

"Napika."

Aliondoa kitambaa chekundu, akafungua kifuniko kwa kisu cha mboga. Ndani, ndimi za shaba zilijipanga kama meno ya mzee, nyingi zimekufa kwa kutu. Ule wa Sa uling'aa kwa sababu ya kutumika. Juu yake palikuwa na mikwaruzo ya baba yake, isiyo sawa, ya mtu mwenye haraka na aibu. Shefali alichukua tupa. Ilinuka samaki.

"Ukikwangua ncha, sauti inapanda," alimweleza msichana. "Ukikwangua shina, inashuka. Baba alianzia shinani, ndipo alipopotea. Mimi niliona, lakini mtoto hamwambii mzazi."

"Na wewe ulijifunza wapi?"

"Nyuma ya mlango. Mlango wa mwalimu una pande mbili."

Alikwangua mara tatu, akavuta mivukuto. Bado. Mara mbili. Bado kidogo. Nje, mtu alikohoa kwenye kona ya njia. Haradhan alikuwa akirudi mapema, maji yalikuwa baridi. Jhimli akatoa macho.

"Shikilia!" alisema Shefali. Mara moja, kama mtu anayemkuna mtoto mgongo. Akavuta mivukuto. Zile sauti mbili zikasogeleana, zikatetemeka mara ya mwisho, zikawa moja. Ilikuwa kama vile chumba kimefungwa dirisha, na kelele ambayo umeizoea maisha yako yote imenyamaza.

Haradhan alipoingia, kinanda kilikuwa kwenye rafu na kitambaa chake, ubani unafuka, na mkewe anaparua samaki.

"Ubani leo? Leo si Alhamisi."

"Leo kuna tamasha."

Alikaribia rafu, akasimama kitambo, mgongo amewapa. Kisha akabonyeza ufunguo, akaanza kukaza nyuzi, moja baada ya moja. Shefali alijikata kidole.

*

Saa moja jioni uwanja ulijaa. Huenda watu walifuata kandambili, lakini walijaa. Mtangazaji aliwaita Mwalimu Haradhan Layek na "mwanawe, tufani ya Bishnupur, Rudra Volti!"

"Rudra nani?" Shefali alimuuliza jirani.

"Si Tuklu wako huyo!"

Alijikuta amesimama, anaita, "Tuklu! Funga kola, kuna baridi!" na uwanja mzima ukacheka. Tufani ya Bishnupur ikafunga kola.

Baba na mwana walikaa jukwaani, kila mmoja ametazama upande wake kama picha za wagombea wawili. Walipewa dakika kumi na mbili. Tuklu alimwashiria Jhimli, mvumo wa kompyuta ukaanza. Haradhan akavuta upinde.

Shefali alifumba macho.

Sauti zikakaa. Zilikaa moja juu ya nyingine kama viganja viwili vya salamu. Tuklu aligeuka kwa ghafla kumtazama baba yake. Haradhan aligeuka kumtazama Tuklu. Kila mmoja alimkuta mwenzake anamtazama, kila mmoja akainamisha kichwa kidogo, kama mshindi asiyetaka kumwaibisha aliyeshindwa.

Kisha Haradhan, kwa furaha, akafanya kosa ambalo ni mtu wa nasaba yake tu angelifanya. Alianza utangulizi. Utangulizi wa raga hauna ngoma wala haraka. Mpigaji huizunguka kila sauti kama anayekagua shamba kabla ya kununua. Dakika ya nne alikuwa bado kwenye sauti ya tatu. Dakika ya saba mpiga tabla alikuwa amelala. Poltu alisimama pembeni mwa jukwaa, akionyesha saa yake, kisha shingo yake, akiikata kwa kidole.

Tuklu angeweza kuingiza gitaa wakati wowote. Aliweka mkono juu ya nyuzi, akangoja. Dakika ya kumi Haradhan alifungua jicho moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne akasema na mwanawe pasipo posta.

"Unangoja nini? Ingia!"

"Nangoja umalize!"

"Haimaliziki hii! Ingia!"

Tuklu akaingia, tabla ikazinduka, midundo ikaanguka kama mvua ya mawe juu ya mabati, na kwa dakika nane, sita kati yake za kuibiwa kamati, watu waliofuata kandambili walizisahau chini ya viti. Hata wale mbwa wawili wa saa nane na nusu walikuja. Ukitaka kusema walikuwa wanatingisha mikia kwa mdundo, hakuna atakayekubishia Bishnupur.

Shali ikaletwa, ya manjano, ya hariri. Haradhan aliinama akavishwa, makofi yakapigwa, akashuka nayo kifua mbele. Nyuma ya jukwaa, Shefali alikokwisha kuwatangulia, Poltu alikuwa anamngoja.

"Hongera, Mwalimu, hongera sana. Sasa nipe shali."

"Nikupe?"

"Kamati ina shali moja. Anayefuata ni meneja wa kandambili. Haraka, anaitwa!"

Haradhan aliivua taratibu. Ilikuwa begani mwake kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Tuklu alitaka kusema neno, Shefali akamkanyaga mguu. Wote watatu walisimama pale gizani mwa pazia, wakamsikia meneja anavishwa, anapigiwa makofi makubwa zaidi.

Njiani Tuklu alimkaribia mama yake. "Umeona? Mzee amesogea! Sikutegemea. Wala sitamkumbusha, nisimwaibishe."

"Vizuri, mwanangu. Usimkumbushe."

Jhimli, nyuma yao na kompyuta yake, alikohoa sana. Alisema ni sukari guru.

*

Jumatatu asubuhi treni ya Bengaluru iliondoka bila Tuklu. Katika maonyesho matatu aliyoahidiwa, moja lilithibitishwa, moja likaahirishwa, na la Arambagh, waandaaji waliuliza kama Haradhan anaweza kuja na shali yake mwenyewe.

Wanafunzi walikuwa wamekuja mapema. Mmoja, mwenye masikio mazuri kuliko adabu, alisikiliza kinanda, akakunja uso.

"Mwalimu, Sa imepanda?"

"Sa haipandi," alisema Haradhan bila kupepesa. "Miaka mia tatu. Wewe ndiye uliyeshuka. Rudi nyumbani ukanywe maji ya moto."

Walipoondoka, alikishusha kinanda. Alipitisha kidole kwenye kitambaa chekundu, akamwonyesha mkewe. Ncha ya kidole iling'aa unga wa shaba.

"Panya wa nyumba hii wana meno ya tupa, Mama Tuklu. Na wananuka samaki."

Shefali aliacha kumenya viazi vya kuchemsha. "Uliona lini?"

"Jumamosi, kabla sijakaza uzi wa kwanza." Alipuliza kidole. "Mkono wako ni mwepesi kuliko wa baba yako. Yeye alianzia shinani."

Kisu kilimponyoka. "Ulijua? Ya baba ulijua?"

"Nilikifungua kukisafisha mwaka wa harusi yetu. Mikwaruzo ile hata kipofu angeiona."

"Miaka yote hii! Na ukanyamaza?"

"Ningesema vipi? Wewe ulikuwa unakifukizia ubani kila Alhamisi."

"Mimi nilikuwa nafukiza kwa ajili yako!"

Walitazamana. Ubani wa miaka thelathini na moja, ukiukadiria kwa rupia, ungenunua kinanda kipya na kubakisha nauli ya kukileta.

"Na kazi ya redio," alisema Shefali polepole, "uliikataa kwa ajili ya Sa unayojua ni ya ng'ombe?"

Haradhan alikifunika kinanda, akakiweka sawa kwenye rafu, akakunja ncha ya kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto.

"Ningeibadili, Gadadhar angekuwa mwongo. Baba yako."

"Mbona Jumamosi ulinyamaza, ukapiga?"

"Aliyeibadili ni binti yake, si mimi." Kisha akatazama chini, kama aliyefumaniwa. "Na nilitaka ile shali."

Shefali alitaka kucheka, ikashindikana; alitaka kumtukana, ikashindikana pia. Alileta sinia la bisi, akaketi. Bango lilikuwa limebandikwa ukutani nyuma ya mumewe, na ule mkono usio na mwenyewe ulikuwa bado umemshika bega.

Tuklu alitoka chumbani anajikuna, akakaa upande wa pili.

"Mama, mwambie baba tuna mazoezi saa kumi. Na utangulizi usizidi dakika mbili."

"Mama Tuklu, mwambie mwanao dakika mbili hazitoshi hata kupiga chafya."

"Posta imefungwa," alisema Shefali, akajimegea kiazi.

Bisi zilianza kulainika.

"Dakika tano," alisema Tuklu, akitazama sinia.

"Kumi. Na unipe pilipili."

Pilipili ilivuka sinia bila stempu.